Mwaka Niliokataa Utani

Simu ya Fadhila ilinikuta uani kwangu Masasi nachambua mbaazi. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, kisha akanyamaza. Mimi nimefanya kazi ya polisi maisha yangu yote, ukimya wa mtu anayetafuta pa kuanzia naujua. "Mama, baba hatunaye," akasema. "Tunazika kesho baada ya adhuhuri, nyumbani Mkunya." Fadhila ni binti mkubwa wa Sajini Nandonde, aliyekuwa msaidizi wangu nilipopewa kituo changu cha kwanza, kule juu Umakondeni, ng'ambo kidogo ya mji wa Newala. Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikarudi kwenye ungo wangu nikamalizia mbaazi zote, na zilizooza nikazitupa kwa kuku mmoja mmoja kana kwamba nina hesabu nao. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nyumba yangu ina vyumba vinne na nalala kimoja. Hapa kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama fulani, Mama fulani. Mimi majirani wananiita Mama Afande. Jina zuri tu, la heshima, lakini ukiliitika miaka mingi unajua kwamba mtoto wako ni cheo, na cheo hakipigi simu jioni kuuliza kama umekula.

Usiku ule niliwaza kuhusu mwaka mmoja tu. Watu wakistaafu huwa wanasimulia kazi yote, tangu depo mpaka pensheni, hadi msikilizaji anapiga miayo. Mimi mwaka mmoja unanitosha. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, redio za kaseti zinalia kila kona, mitumba imejaa minadani, na serikali imeruhusu matajiri binafsi kuja kununua korosho ambazo zamani zilinunuliwa na ushirika peke yake. Nilikuwa nimetoka chuoni, mkaguzi msaidizi mwenye nyota moja begani, mwanamke, sijaolewa, na bwana mkubwa wa wilayani aliniambia waziwazi siku niliyoripoti kwake: "Edith, msimu wa korosho ukiisha salama kwenye eneo lako, kituo ni chako. Kukitokea balaa, nitakurudisha makao makuu ukapige chapa." Akasema bila chuki, huku anakoroga chai. Nikapiga saluti nikatoka, na tangu siku ile sikuwaza jambo jingine. Nilitaka kujua kama ninaweza kuongoza watu. Nilitaka kujua kuliko nilivyotaka mume.

Chuoni tulikuwa na mkufunzi wa somo la uongozi, mtu mfupi mwenye sauti ya kuhubiri. Alitufundisha kwamba kuna kiongozi wa amri, kuna kiongozi wa kushirikisha, na kuna kiongozi wa liwalo na liwe, ambaye askari wake hulewa saa nne asubuhi. Juu ya hao, alisema, iko nadharia mpya zaidi: kwamba hakuna kiongozi bora wa kila siku, bora ni yule anayeyasoma mazingira kwanza ndipo akachagua awe nani. Alikuwa pia na zoezi la kujipima ambalo sote tulilichukia. Mwanafunzi anasimama mbele ya darasa, wenzake wanasema wanavyomwona, na yeye haruhusiwi kujibu hata neno. Zamu yangu ilipofika, jamaa mmoja wa Tabora alisema, "Edith anajua sheria kuliko sisi wote. Lakini mkiwa kwenye hatari, hujui kama atakuita au atakuandikia ripoti." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Mkufunzi akafunga somo kwa kusema kiongozi ni moto wa jikoni: watu wakiusogelea mno wanaungua, wakikaa mbali mno hawapati joto. Nikaishika nusu ya kwanza ya maneno yale nikapanda nayo basi hadi Newala.

Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu vya matofali na bati, na nyuma yake nyumba yangu, ukuta kwa ukuta. Usafiri wetu ulikuwa baiskeli moja yenye kengele inayolia yenyewe njiani. Askari walijipanga barazani, na mbele yao Sajini Nandonde, mtu mrefu mwenye chale usoni za watu wa zamani, umri wa baba yangu. Alinipigia saluti safi kabisa. Kwa mila ningempa shikamoo, na neno lilifika mdomoni, nikalimeza, maana nyota ilikuwa begani kwangu. Akaniuliza kwa adabu natokea wapi. Nikamwambia Chiungutwa. "Mtu wa kabila gani, afande?" Myao, nikasema. Loh! Uso wake ulifunguka. "Basi tumekwisha! Tuliambiwa soko huria linaleta wanunuzi wa korosho, kumbe limewarudisha na Wayao! Afande, umekuja na vitambaa vingapi? Mimi usininunue, nimezeeka. Mchukue Koplo, ana meno yote." Askari wakauma midomo wasicheke. Asiyetoka kwetu aelewe: Myao na Mmakonde ni watani. Zamani babu zetu waliwawinda Wamakonde wakawauza pwani kwa vitambaa, na Wamakonde wakapanda kule juu kwenye vichaka, mbali na maji, wasifikiwe. Damu ile iligeuka utani. Mtani anakutukana mbele za watu nawe hukasiriki. Anachukua kitu chako nawe hushtaki, na hata msibani anaruhusiwa kutania. Nililelewa nikiujua, bibi yangu alikuwa akiwachapa Wamakonde kwa maneno hadi kwenye mlango wa kanisa. Lakini nilikuwa na nyota mpya, nikasikia tena lile darasa likicheka. Nikasema, "Sajini, hapa kazini hakuna utani." Baraza ikapoa. "Ndiyo, afande," akasema, akapiga saluti nyingine, na uso ukajifunga.

Tangu hapo niliongoza kituo kisichokuwa na kosa. Gwaride kwa saa, silaha zinang'aa, doria zinakwenda na kurudi. Na nilikuwa mpweke kiasi ambacho sikujua mtu anaweza kuwa mpweke naye ameajiriwa. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, Biblia ya mama, na dirisha linaloangalia tangi la saruji lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Huko juu maji ni roho; wanawake waliteremka bondeni na kupanda na ndoo kichwani, mpaka nikajua nyakati za siku kwa kuwaona wakipita. Nilikula peke yangu. Binti wa jirani alinipikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akaweka mezani, akafunika, akaondoka. Ukutani, upande wa pili, kulikuwa na ukumbi wa nyuma wa kituo ambako Mama Fadhila, mke wa Sajini, alileta sinia ya mchana na askari wote wakaizunguka. Ukuta ule haukuficha kitu. Nilisikia vidole vikigonga sinia, nilisikia mtu akimnyang'anya mwenzake dagaa, nilisikia Chimakonde ambacho nilikifahamu nusu, na siku moja nikasikia vishindo vya mtu anayetembea amekaza mgongo, tap, tap, tap, na vicheko vya kuzibwa kwa viganja. Nikajua ni mimi ninayeigizwa. Kisha sauti ya Sajini, kwa Kiswahili, taratibu: "Mwacheni. Atakuja. Myao akiona njaa huja mwenyewe." Nilikasirika, na ndani ya hasira ile kulikuwa na kitu kingine ambacho leo nakiita kwa jina lake: nilitamani kwenda.

Jumapili baada ya ibada nilijipima, kama tulivyofundishwa. Nikakaa kitandani nikajiuliza maswali kwa sauti. Je, askari wananitii? Wananitii. Je, wananieleza matatizo yao? Hapana. Koplo alifiwa na mjomba wake, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mzazi hasa, na habari ile niliipata sokoni kwa muuza sabuni. Je, kukitokea hatari watanifuata? Hapo nilinyanyuka nikaenda kuangalia tangi, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Likaja jambo la jogoo. Wakristo wachache wa pale waliniletea jogoo mwekundu kunikaribisha, nikamfunga kamba mlangoni nikaenda doria Tandahimba. Niliporudi, kamba ilikuwepo, jogoo hayupo, na kutoka ukumbi wa nyuma inakuja harufu ya mchuzi. Sajini alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika paja zima, ananiangalia. "Karibu, afande. Jogoo wa Myao mgumu kama mwenye mali." Na sufuria ilikuwa imejaa, hawakuwa wamepakua sehemu yoyote kabla sijafika ila lile paja mkononi mwake. Leo hata mtoto mdogo angeelewa alichokuwa akikifanya. Ilikuwa nimtukane ukoo wake wote, nivue viatu, nikae mkekani, nile jogoo wangu. Askari wote walinikodolea macho, wakingoja. Nikamwita ofisini nikamsomea vifungu vya utovu wa nidhamu, kimoja baada ya kingine, naye amesimama wima, ana mafuta kidoleni. Alisema "Ndiyo, afande" kila nilipopumua. Asubuhi yake nikakuta mlangoni pamefungwa jogoo mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza. Yesu wangu. Mtani akikulipa, ujue amekuvua utani. Nilimla jogoo yule siku kadhaa, peke yangu, akiwa mtamu na mimi simwonji, na upande wa pili wa ukuta hawakuniigiza tena. Walikula kimya kama watu wa msibani.

Msimu ukafunguka. Mabibo yakaiva, mashamba yakanuka utamu ule wa kuchacha, wazee wakawa na uraka wao, pombe ya mabibo, kwenye vibuyu. Matajiri wakaja na malori, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja na bei yake ya kutangaza kwa spika. Kwanza watu walifurahi, kwa kuwa ushirika uliwakopa miaka mingi, na sasa mtu anauza asubuhi mchana anavaa shati jipya. Halafu manung'uniko yakaanza. Nilipofika sokoni wakanyamaza; nilikuwa afande, si mtu wa kuambiwa. Mama Fadhila peke yake ndiye aliyethubutu. Alinikuta kwenye tangi anakuja kuomba ndoo ya maji, nami, angalau hilo nalishukuru, sikuwahi kuwanyima maji. "Mwanangu," akasema, ndiyo alivyoniita siku zote, nyota au si nyota, "watu wanasema gunia likipimwa kwa yule tajiri wa gari jeupe linapungua. Usingoje." Nikamwuliza kama kuna mlalamikaji aliye tayari kufika kituoni kuandikisha maelezo. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyefunga vifungo vya shati upande upande. Akajitwika ndoo yake akaenda.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya mnada. Bibi mmoja mjane alipima gunia lake kwenye mizani ya zamani ya ushirika, akalifunga, akalipeleka kwa yule tajiri, na pale pale mbele ya macho yake gunia likakonda. Bibi hakupiga kelele. Aliinama akaipapasa mizani kwa chini, kama anayetafuta yai, na akatoka na kipande cha chuma kimefungwa waya. Kufikia hapo kelele zilipigwa na wengine. Tajiri alirukia gari lake jeupe akaondoka na vumbi lake, akamwacha nyuma karani wa mizani, Zuberi, mtu wa Lindi, baba wa watoto, ambaye mpaka leo sijui kama alikijua kile chuma au hakukijua. Konstebo alikuja kituoni anakimbia bila kofia. Tulipofika, mimi na Sajini na askari wawili wenye bunduki, uwanja ulikuwa umefurika. Zuberi alikuwa katikati, shati limechanika, damu inatoka sikioni, na mtu alikuwa akiviringisha tairi kuukuu kutoka kwa fundi baiskeli na gari. Nikaona tairi lile linavyokuja, polepole, watu wanalipisha njia.

Nilifanya nilivyofundishwa. Nikaanza na amri. "Kwa jina la Jamhuri, tawanyikeni!" Hakugeuka hata mmoja, ningekuwa mbuzi ningesikilizwa zaidi. Nikajaribu kushirikisha. "Ndugu wananchi, tuchague wawakilishi tukae tuzungumze." Jiwe likaruka, kofia yangu ikaanguka. Konstebo akakoki bunduki, na nikajua kwamba risasi moja hewani ingewatawanya walio nyuma na kuwatia wazimu walio mbele, na Zuberi angekufa kwanza, kisha wengine. Nikamtazama Sajini. Angeweza kuingia yeye. Walikuwa watu wake, wajomba na wapwa zake. Hakuingia. Alisimama nyuma yangu kwa utii ule ule niliomfundisha mimi, mikono kwenye mishono ya suruali, anangoja amri, na sikuwa na amri. Sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa katika umati ule. Mwanamke mmoja karibu yangu akapaza sauti, "Katuuza huyu! Katuuza kama mbuzi!" Na mimi, sijui nini kilinipata, nikamsikia bibi yangu wa Chiungutwa kifuani.

Nikaingia kichwa wazi, nikapenya kwa viwiko, nikamkamata Zuberi mkono, na nikacheka. Nilicheka kwa sauti kubwa, ya kishenzi, sikujua kama ninayo. "Ala! Enyi Wamakonde! Nani kawapa ruhusa ya kushika mateka? Kushika mateka ni kazi ya Wayao! Kazi yenu ninyi ilikuwa kukimbia! Mlitukimbia mpaka huku juu, mbio mkasahau maji bondeni, hadi leo wake zenu wanapanda na ndoo na ninyi mnanuka!"

Yesu wangu. Niliona uso wa kijana aliyeshika ukosi wa Zuberi, mdomo wazi. Nikawaza, basi, sasa ni matairi mawili.

Nyuma yangu sauti ya Sajini ikapasuka. "Wallahi, kasema! Miezi yote hii bubu, kumbe ni Myao kweli! Watu wangu, fungeni milango!"

Bibi mjane, mwenye kile chuma bado mkononi, akapiga hatua mbele. "Na ninyi mliouza mpaka wajomba zenu kwa kitambaa cha kilemba, mna mdomo wa kusema?"

"Tuliuza, bibi, na tulipata bei nzuri! Kitambaa chenyewe kikachakaa, ndiyo maana nimerudi. Huyu ni wangu. Nakwenda kumuuza pwani. Mtani hanyimwi!"

"Nani atamnunua, na sikio limepasuka?" mtu akapiga kelele. Hapo kicheko cha kwanza kikatoka, cha mzee mmoja, kikavu, kisha kikashika kama nyasi.

"Mpeni, jamani, mpeni haraka!" Sajini akalia kama anayeomboleza, ameshika kichwa. "Mkimnyima huyo atanichukua mimi!"

Nikageuka nikamtazama, juu mpaka chini, mbele ya uwanja mzima. "Wewe? Mifupa mitupu? Kanone kwanza, Sajini. Wewe nitakufuata siku nyingine."

Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Yule kijana bado alikuwa ameshika ukosi, na bibi mjane akampiga kofi la mkono. "Mwachie. Hujasikia? Mtani hanyimwi. Unataka kututia nuksi?" Akamwachia. Tukatoka na Zuberi katikati yetu, umati unatufuata hadi kituoni ukinitukana ukoo wangu wote, nami nawajibu, na machozi yananitoka wakadhani ni ya kucheka. Bibi alikabidhi kile chuma mezani kwangu mwenyewe. Tajiri alikamatwa baadaye njia ya Mtwara, mambo yakaenda mahakamani kama yanavyokwenda. Zuberi alilala mahabusu kwa usalama wake, na alipopelekewa uji hakuweza kushika kikombe. Mama Fadhila alimnywesha.

Mchana ule ule wa mnada nilikaa mezani kwangu mbele ya chakula kilichofunikwa. Nikasikia sinia ikitua upande wa pili, nikasikia wakinawa, kisha sauti ikaja kupitia ukutani. "Myao! Njaa haijakuuma tu?" Nikavua viatu. Nilipotokea ukumbini hakuna aliyesimama, hakuna aliyepiga saluti, Koplo alisogeza goti tu nipate nafasi. "Shikamoo, Baba Fadhila," nikasema. Akatafuna, akameza, akachukua muda wake wote. "Marahaba. Kula mahali pako, usitembeze mkono. Nawajua ninyi." Nikala. Sikumbuki kulikuwa na mboga gani, na mimi mboga zote nazikumbuka.

Nilikula nao hadi mabibo yalipokwisha mashambani. Ndipo bwana mkubwa akaniita akanipongeza. Ripoti yangu, alisema, imeonyesha matumizi mazuri ya nadharia ya mazingira. Kituo ni kidogo mno kwangu. Nimepandishwa, naenda Dar es Salaam, nikafundishe wengine. Nilikuwa nimeitaka siku hiyo kuliko mume, si nilisema? Nikapiga saluti. Siku ya kuondoka, Sajini alinisindikiza kwenye basi, akauchukua mwavuli wangu mkononi bila kuomba. "Huu unabaki. Mtani hanyimwi." Nikamwambia Mmakonde na mwavuli wapi na wapi, na mvua yenyewe inawaogopa. Basi likaondoka tungali tunatukanana kupitia dirishani.

Miaka mingi nilisimama mbele ya madarasa nikasimulia siku ile ya mnada. Nilichora mishale ubaoni, amri, ushirikishaji, mazingira. Wanafunzi waliandika. Wakati mwingine aliuliza mmoja, "Afande, na kama kiongozi hana kabila la utani pale?" na lilikuwa swali zuri. Ambacho sikuwaambia ni kwamba uwanja ule sikuutuliza mimi peke yangu. Mtani mmoja hana utani. Nilirusha neno hewani, na lingeniua kama yule mtu niliyemsomea vifungu asingelidaka, na alilidaka. Kwenye zoezi la kujipima hakuna mahali pa kulitia jambo hilo. Nilikula tena peke yangu, kwenye nyumba nzuri zaidi, zenye kuta nene, usikoweza kusikia mtu akinyang'anywa dagaa. Nikastaafu nikarudi Masasi. Kutoka Masasi hadi Mkunya ni safari ya asubuhi tu, na kila mwaka nilisema nitapanda baada ya mavuno. Mavuno mangapi, jamani?

Basi nilipanda. Basi hadi Newala, bodaboda hadi Mkunya, kijana ananiambia, "Shikilia, bibi." Uani palijaa watu. Wanawake tulikaa mkekani, hakuna aliyenijua isipokuwa Fadhila na mama yake, ambaye sasa ni kikongwe na macho yamepungua. Niliingia chumbani alikokaa nikamshika mkono, nikarudi mkekani. Wanaume walipolinyanyua jeneza kutoka ndani, mwili wangu ulisimama wenyewe. Nikaenda nikasimama mlangoni, mikono nimeitandaza, mwanamke mzee mwenye sketi ya kanisani, nikawazuia.

"Nani kawapa ruhusa?" nikasema. "Mimi ni Myao. Huyu niliahidi nitamfuata akishanona. Nimekuja kumchukua. Mtani hanyimwi."

Hakuna aliyecheka. Vijana waliobeba walitazamana, mmoja akanong'ona, "Huyu bibi ni nani?" Wengi walikuwa wadogo, wamekulia Dar, wamekuja kuzika na simu zao mfukoni, hawajui. Nilisubiri. Nikageuza sikio kwa mazoea, kwa upande ambao sauti yake ingetoka, nyuma yangu kidogo, kulia. Yule ambaye angelidaka neno langu alikuwa ndani ya sanda, mbele yangu, amebebwa begani, na nikaelewa kwamba nimesimama tena katikati ya ule uwanja, kichwa wazi, na safari hii sina Sajini.

Ndipo sauti ikatoka ndani, chumba cha wanawake, nyembamba, ya Mama Fadhila. "Umechelewa, Myao. Amekwisha chukuliwa na asiyetoa kitambaa."

Nikasogea nikapisha njia.